Tusiwafunze vijana kujiamini kwa mayowe

Mashindano ya riadha ya dunia yaliyofanyika Tokyo mwezi Septemba 2025 yaliiletea Kenya heshima kubwa. Wanawake wetu walizoa dhahabu za mbio zote kuanzia mita 800 hadi marathoni: Lilian Odira katika mita 800, Faith Kipyegon katika mita 1,500, Beatrice Chebet katika mita 5,000 na 10,000, Faith Cherotich katika kuruka viunzi na maji, na Peres Jepchirchir katika marathoni. Emmanuel Wanyonyi aliongeza dhahabu ya saba kwa ushindi wake wa mita 800 upande wa wanaume.

Tangu siku hizo majina hayo yamegeuka kuwa mtaji wa watu fulani wanaozunguka katika shule zetu, hasa majira ya mitihani yanapobisha hodi. Hujiita wahamasishaji. Huvaa suti, hushika kipaza sauti, kisha huwataka wanafunzi wapige mayowe kwamba wanaweza. Hoja yao ni nyepesi kama unyoya: Kipyegon alishinda kwa sababu alijiamini, nawe ukijiamini utashinda, anayeshindwa ni yule anayejitilia shaka. Walimu wakuu huwalipa, wanafunzi huwapigia makofi, na kesho yake kengele hulia kama kawaida.

Huenda ningaliyafumbia macho mambo haya kama si mabadiliko yaliyoingia katika elimu yetu. Mwezi Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa Gredi ya 10 lilijiunga na sekondari pevu chini ya mtaala wa umilisi, na mmojawapo wa mikondo mitatu waliyopewa kuchagua ni ule wa sanaa na sayansi ya michezo. Kijana wa Kenya sasa anaweza kuuchagua mchezo kama somo, si kama burudani ya jioni baada ya masomo. Kwa hivyo swali la kinachomsukuma mwanariadha limetoka katika kurasa za nyuma za magazeti na kuingia darasani. Mwalimu atakayelijibu vibaya atawaumiza watoto wa watu.

Mimi ni mhadhiri wa isimu, si mkufunzi wa riadha, na msomaji ana haki ya kuuliza nimeingiaje katika uwanja usio wangu. Nimeingilia mlango wa lugha. Kiswahili kina kiambishi -ji- ambacho humrudishia mtendaji tendo lake. Aghalabu kiambishi hicho kikitangulia kitenzi cha kazi, neno linalozaliwa huwa la sifa: kujituma, kujinyima, kujifunza, kujiandaa. Kikitangulia kitenzi cha kujitazama au kujisema, neno huwa la lawama: kujiona, kujisikia, kujidai, kujigamba, kujikweza. Si kanuni isiyovunjika, lakini mwelekeo wake uko wazi. Mtu akisema kuwa jirani yake "anajisikia", hamsifu hata kidogo. Wenye lugha hii walimwamini anayejituma, wakamtazama kwa jicho la pembeni anayejisifia.

Neno kujiamini limekaa mpakani mwa makundi hayo mawili, na ndiyo maana linatumiwa vibaya kwa urahisi. Shina lake, amini, lilitujia kutoka Kiarabu, na ni ndugu wa damu wa amani, imani, uaminifu na amana. Ndugu anayenivutia zaidi ni huyo wa mwisho. Amana ni kitu unachokiweka mahali salama ukitarajia kukikuta siku utakapokihitaji. Tukiufuata ukoo huo wa maneno, kujiamini si kupiga kelele mbele ya mlango wa ghala. Ni kujua kuna nini ndani ya ghala, kwa kuwa ulikiweka mwenyewe.

Upande wa pili tuna maneno ambayo wahamasishaji huyachanganya ovyo: shaka na wasiwasi. Yote mawili yana asili ya Kiarabu, na hilo la pili linatokana na neno la kunong'ona. Tofauti yake ni kubwa. Shaka huuliza swali linaloweza kujibiwa: je, nimekimbia milima ya kutosha? Je, mizunguko yangu ya mwisho ni dhaifu? Wasiwasi hauulizi kitu. Hunong'ona hukumu, tena usiku, na haukubali ushahidi wowote. Katika makala haya nitayatumia maneno hayo kwa tofauti hiyo, nami ninadai kuwa shaka ni mojawapo ya nyenzo bora za mwanariadha, na kwamba kumfunza kijana kuiua ni kumpokonya jembe asubuhi ya kulima.

Mwezi Februari 2026 nilialikwa kuzungumzia fasihi katika shule moja ya upili si mbali na Kanja, huko Embu, nilikozaliwa. Kanja iko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, sehemu ambayo ukipanda unakutana na majani chai na ukishuka unakutana na kahawa. Mhamasishaji alikuwa amenitangulia. Aliwasimamisha wanafunzi mia kadhaa, akawaamuru wagusane mabega na kuambiana, "Wewe ni bingwa!" Walifanya hivyo kwa furaha, nami sitawaonea, vijana waliokaa tangu alfajiri kwenye viti vya mbao hufurahia kusimama. Zamu yangu ilipokwisha, msichana mmoja alinifuata nje, karibu na tangi la maji. Aliniambia kuwa yuko Gredi ya 10, amechagua mkondo wa michezo, na hukimbia mita 3,000.

"Mwalimu," akasema, "nikipiga kelele kwamba naweza, ndani yangu kuna sauti inayosema siwezi. Kati yangu na sauti hiyo, mwongo ni nani?"

Nilimuuliza muda wake bora wa mita 3,000. Hakuujua. Nikamuuliza alikimbia siku ngapi juma lililopita. Alifikiri kidogo, akasema labda tatu. Nikamwambia kuwa sauti ile si ya mwongo. Inadai majibu ambayo yeye hajayaandaa. Alicheka, kisha akaniuliza kama ninaweza kumpa daftari. Nilikuwa nalo moja mkobani, lenye kurasa nyingi tupu.

Msomi mmoja aliyelishughulikia swali kama hilo kwa miongo mingi ni Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefunza Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani na kufariki mwaka 2021. Kuanzia maandishi yake ya mwaka 1977, alidai kuwa imani ya mtu juu ya uwezo wake hutoka katika chemchemi nne: mambo aliyokwisha kuyatenda akafaulu, mambo aliyowaona wenzake wakiyatenda, maneno anayoambiwa, na jinsi mwili wake unavyojihisi. Yenye nguvu zaidi ni ile ya kwanza. Maneno ya kuambiwa yana nafasi yake, lakini imani iliyojengwa kwa maneno matupu huporomoka inapokutana na kushindwa kwa mara ya kwanza. Shule zetu zimechagua kulipia chemchemi iliyo dhaifu.

Tuwatazame sasa wanariadha wenyewe, na tuanze na mtu ambaye wahamasishaji hawamtaji sana: Paul Tergat. Katika mbio za nyika alikuwa simba. Alitwaa ubingwa wa dunia mara tano mfululizo, kuanzia 1995 hadi 1999. Lakini katika mita 10,000 uwanjani, palikuwa na mtu mmoja ambaye hakumpita katika siku zile kubwa, Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Mwaka 1995 huko Gothenburg Haile alipata dhahabu na Tergat shaba. Mwaka 1996 katika Olimpiki ya Atlanta, dhahabu kwa Haile, fedha kwa Tergat. Athens 1997, vivyo hivyo. Seville 1999, vivyo hivyo. Kisha ikaja Sydney 2000. Tergat alichomoka mapema katika mzunguko wa mwisho, akaongoza, na watazamaji wengi wakadhani deni limelipwa. Haile alimfikia katika hatua za mwisho kabisa. Tofauti yao baada ya kilomita 10 ilikuwa sehemu 9 za mia moja za sekunde.

Hebu tujiulize, mtu aliyeshindwa namna hiyo angefaidika nini kwa kuambiwa ajiamini? Alijiamini. Hakuna anayechomoka mapema mbele ya mkimbiaji kama Haile asiyejiamini. Alichohitaji ni shaka ya aina yake, ile inayouliza: kama nguvu zangu ni za safari ndefu, kwa nini ninaendelea kushindania mita 100 za mwisho na mtu aliyejaliwa mwendo wa mwisho? Sijui kama Tergat alijiuliza kwa maneno haya. Hiyo ni tafsiri yangu. Ninachojua ni kwamba alihamia marathoni, na huko pia hakupokewa kwa vigelegele. Alikuwa wa pili London mwaka 2001, wa pili Chicago mwaka huo huo, wa pili tena London mwaka 2002, siku ambayo Khalid Khannouchi aliweka rekodi ya dunia na Haile akamaliza wa tatu, nyuma ya Tergat. Baadaye alikuwa wa nne Chicago 2002 na wa nne London 2003. Marathoni tano, hakuna hata moja aliyoshinda. Katika ya sita, Berlin mwezi Septemba 2003, alishinda kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55, rekodi mpya ya dunia.

Mwalimu anayetaka kuwapa wanafunzi kisa cha kweli, awape hicho. Kina kushindwa kwingi, na hakina siri ya haraka.

Kisa hicho kina tanzu lake ambalo limenishughulisha kwa muda mrefu. Aliyemaliza wa pili Berlin siku ile, sekunde moja tu nyuma ya Tergat, ni Sammy Korir, na Korir alikuwa amekodiwa kama mdhibiti kasi. Mdhibiti kasi hulipwa kuwaongoza wenzake kwa mwendo uliokubaliwa, kisha ajitoe kando. Na aliyemshinda Tergat huko Chicago mwaka 2001 ni Ben Kimondiu, ambaye naye alikuwa ameajiriwa kudhibiti kasi. Mwaka 2000 Simon Biwott alishinda marathoni ya Berlin akiwa na kazi hiyo hiyo. Wakenya watatu, katika muda wa miaka minne, walikodiwa kuwatengenezea wengine njia. Wawili wakashinda, na wa tatu akakaribia kushinda.

Tutawaweka wapi hawa? Mkataba wa Kimondiu haukumtaka ashinde. Waandishi wa habari hawakuwa wamemwekea kipaza sauti mdomoni jioni iliyotangulia. Hakuwa na haja ya kuwaaminisha watu kuwa ni bingwa, wala hakuna ambaye angemlaumu kama angejitoa. Nadhani jambo muhimu kwa mdhibiti kasi ni kwamba kazi yake humtaka ajue kitu kimoja kwa uhakika kabisa: mwendo wa kila kilomita. Akili yake imejaa hesabu, na akili iliyojaa hesabu haina nafasi kubwa ya kunong'onezwa. Wala tusisahau kwamba alikuwa amefanya mazoezi. Asingaliweza kuongoza kilomita 30 kwa mwendo wa mabingwa kwa bahati nasibu. Amana ilikuwapo ghalani. Ni yeye tu ambaye hakuwa ameitangaza sokoni.

Sasa tuje kwa mtu ambaye wahamasishaji humtaja kila dakika tano, Eliud Kipchoge. Wamechukua kauli yake mashuhuri kwamba binadamu hana mpaka, wakaichapa kwenye fulana na kuta za madarasa. Wameacha mambo mengine yote. Kipchoge alimshinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele katika mita 5,000 huko Paris mwaka 2003, akiwa bado kijana wa miaka 18. Miaka tisa baadaye alikosa hata nafasi katika kikosi cha Kenya cha Olimpiki ya London 2012. Ndipo alipohamia marathoni. Huko Monza mwaka 2017 alijaribu kukimbia marathoni chini ya saa mbili, akakosa kwa sekunde 25. Huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, katika mbio zilizoandaliwa maalumu na zisizohesabiwa kuwa rekodi rasmi, alitumia saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mwaka uliofuata alikuwa wa nane London. Mwaka 2021 alitwaa dhahabu ya Olimpiki kwa mara ya pili. Mwaka 2024 huko Paris hakumaliza.

Jambo ninalotaka walimu walikumbuke ni daftari lake. Tangu mwaka 2003 Kipchoge ameandika mazoezi yake siku baada ya siku, na madaftari yamerundikana. Mtu asiye na shaka haandiki. Anayeandika anakiri kuwa kumbukumbu yake inaweza kumdanganya, kwamba siku mbaya inaweza kuonekana nzuri baada ya chai, na kwamba kesho atahitaji ushahidi. Aidha, mkufunzi wake wa miaka mingi, Patrick Sang, ni mtu aliyepata fedha, si dhahabu, katika mbio za kuruka viunzi na maji kwenye mashindano ya dunia ya 1991, Olimpiki ya Barcelona 1992 na mashindano ya dunia ya 1993. Huyo hakufunzwa riadha na mabango. Anajua nafasi ya pili ina uzito gani. Kauli ile ya fulana ni tunda la mti huo, nasi tumelichuma tunda tukasahau kuupanda mti.

Faith Kipyegon alitupa mfano mfupi lakini wa kupendeza. Tarehe 26 Juni 2025 huko Paris alijaribu kuwa mwanamke wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne. Ulimwengu mzima ulialikwa kutazama. Alitumia dakika 4, sekunde 6 na sehemu 42 za mia. Kwa kipimo cha wahamasishaji, hapo pana mtu aliyeshindwa kujiamini vya kutosha. Siku tisa baadaye, huko Eugene, Marekani, alivunja rekodi yake mwenyewe ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3, sekunde 48 na sehemu 68. Miguu ni ile ile na moyo ni ule ule.

Nisimwonee mpinzani wangu, kwa maana ana mashahidi wa maana. Julius Yego alikulia Nandi, kwa watu wa mbio, akachagua kurusha mkuki. Hakuwa na mkufunzi wa mchezo huo, akajifunza kwa kutazama video za mabingwa katika intaneti, na mwaka 2015 huko Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mtupo wa mita 92.72. Ferdinand Omanyala aliingia katika mita 100, mbio ambazo Kenya haikuwa na jina, hana haya ya kutangaza shabaha zake mapema, na mwezi Septemba 2021 jijini Nairobi alikimbia kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Bila shaka mtu anayeanza njia isiyo na nyayo anahitaji imani inayotangulia ushahidi. Hilo ninalikubali. Lakini hata hapo imani ya kuanza si imani ya kumaliza. Yego alipokuwa akizitazama zile video, alikuwa akiutafuta upungufu katika mwili wake mwenyewe: mguu huu umekaa vibaya, bega hili limechelewa. Huo ni utafutaji wa mtu mwenye shaka, na wa mtu mwenye matumaini, kwa pamoja. Mkulima wa kahawa wa Kanja hali kadhalika. Anapanda akiamini kuwa atavuna, kisha kila wiki anageuza majani kutafuta ugonjwa. Sijawahi kumsikia akiuambia mbuni kwamba ni bingwa.

Kuna upande mchungu wa jambo hili, na sitaupita. Shaka isiyo na mahali pa kwenda haikai bure. Kijana aliyefunzwa kwamba bingwa hajitilii shaka hujionea aibu anapoisikia sauti ile. Hawezi kumwambia mkufunzi wala mwenzake kambini. Sauti hiyo asipopata wa kuijibu kwa mazoezi, atatokea wa kuijibu kwa sindano. Tumewaona wakubwa wakifungiwa: Rita Jeptoo baada ya kunaswa mwaka 2014, Asbel Kiprop aliyepewa marufuku ya miaka minne mwaka 2019, na Ruth Chepngetich, aliyekuwa amekimbia Chicago mwaka 2024 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, kisha akafungiwa miaka mitatu mwezi Oktoba 2025. Sidai kujua yaliyokuwa mioyoni mwao. Pesa nazo zina ulimi. Lakini kila jina linaloanguka huacha shaka ya pili, ile ya ulimwengu juu ya Wakenya wote. Sabastian Sawe ameijibu hiyo kwa namna ninayoistahi. Kabla ya marathoni ya Berlin ya Septemba 2025 aliomba apimwe mara nyingi kuliko desturi, akapimwa, akakimbia, akashinda. Hakulalamika kwamba anashukiwa. Aliipa shaka kazi ya kufanya.

Huku kwetu Embu na Meru tuna shaka nyingine ambayo, kwa maoni yangu, ni wasiwasi mtupu uliovaa joho la sayansi. Utasikia hata walimu wakisema kuwa mbio ni za damu, na damu hiyo iko ng'ambo ya Bonde la Ufa. Ni kweli kwamba majina ya Nandi na Keiyo yamejaa midomoni na ya kwetu ni haba. Lakini Catherine Ndereba alizaliwa Nyeri, upande mwingine wa mlima huu huu tunaouona tukifungua madirisha. Siku ile ile Kimondiu alipowashangaza watu Chicago mwaka 2001, Ndereba aliweka rekodi ya dunia ya wanawake kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, na alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2003 na tena mwaka 2007. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki, Beijing 2008. Kauli ya damu haiulizi swali linaloweza kujibiwa na mazoezi. Inanong'ona tu, na mtoto wa Kanja anayekimbia kando ya barabara huisikia.

Na walimu wasiseme kwamba kazi hii inahitaji mtaalamu aliyetoka ng'ambo na vyeti vya riadha. Colm O'Connell alitoka ng'ambo, ni kweli. Alifika Iten kutoka Ireland mwaka 1976. Lakini alikuja kufunza jiografia katika Shule ya St Patrick, na hakuwa amesomea ukufunzi wa riadha. Alijifunza kwa kutazama na kuuliza. Mmoja wa vijana waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, ambaye mwaka 2009 huko Berlin alitolewa katika nusu-fainali ya mita 800. Mwaka uliofuata alivunja rekodi ya dunia mara mbili katika muda wa wiki moja, na mwaka 2012 huko London aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho na kushinda kwa dakika 1, sekunde 40 na sehemu 91. Anayetazama mbio zile za London huona mtu asiye na chembe ya shaka. Ndivyo ilivyopaswa kuwa, kwani siku ya mbio si siku ya kuuliza maswali. Yalikwisha kuulizwa Iten, asubuhi nyingi, na mwalimu wa jiografia.

Kwa hiyo, walimu wenzangu mtakaoshughulikia mkondo wa michezo, ninawasihi mwanzishe mambo madogo. Kila mwanafunzi awe na daftari, na aandike alichokifanya, si alichotamani kukifanya. Apimwe muda wake mara kwa mara, kwenye njia ile ile, hata kama ni barabara ya udongo kutoka langoni hadi kiwanda cha kahawa. Akisema anaogopa, aulizwe anaogopa nini hasa, mpaka hofu ipungue na kubaki swali. Juma la mashindano likifika, maswali yafungwe, naye akumbushwe kurasa alizozijaza.

Kundi hili la kwanza litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028, mwaka wa Olimpiki ya Los Angeles. Ada anayolipwa mhamasishaji kwa asubuhi moja inatosha kununua saa kadhaa za kupimia muda na madaftari ya timu nzima. Nimewaeleza hivyo walimu wakuu wawili wa huku kwetu. Hawakunibishia, walitaka tu kujua ni nani basi atakayewachangamsha wanafunzi siku ya maombi ya mitihani.